Vitanda vya Mahututi Vinaongezeka, Mzee Bado Hajaulizwa

Zamani si nyingi, mzee wa Micheweni, Pemba, akizidiwa njia yake ilikuwa moja: gari mpaka bandari ya Mkoani, boti mpaka Unguja, kisha Hospitali ya Mnazi Mmoja. Leo hospitali mpya za wilaya zimejengwa Unguja na Pemba, Hospitali ya Mkoa ya Lumumba imeanza kazi mwaka 2023, na pamoja na majengo zimekuja mashine za kupumulia, skrini za mapigo ya moyo na mifumo ya kompyuta ya kuwekea kumbukumbu za wagonjwa. Kila mwenye mzazi mzee ana sababu ya kushukuru. Lakini nyuma ya shukrani hizo kumeingia maneno mabarazani. Watu wamesikia kuwa nchi za nje zina programu za simu na kompyuta kwa ajili ya wazee waliolazwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, na wamefahamu kwamba kazi ya programu hizo ni kupiga hesabu nani atapona na nani azimiwe mashine. Wengine wanaogopa. Wengine, hasa vijana wetu wa teknolojia, wanalipenda jambo hilohilo: akili mnemba itatuambia mapema, hatutapoteza muda wala fedha. Anayeogopa na anayeshangilia wameelewa kitu kimoja, na wote wawili wamekielewa vibaya.

Msimamo wangu ni huu. Chombo cha kidijitali chenye faida kwa mzee aliye mahututi ni kile kinachouliza. Kile kinachotabiri kimeshajaribiwa miaka mingi na faida yake kwa mgonjwa imekuwa ndogo. Na kwa Zanzibar swali lenyewe lisingoje mlango wa ICU. Linatakiwa liulizwe nyumbani, mzee akiwa na akili zake na kauli yake, na jibu lake limfuate hospitali kama kinavyomfuata kitambulisho chake.

Tuanze na neno, kwa sababu mkanganyiko mwingi umeanzia hapo. Huduma ya kumtuliza maumivu na kumsaidia mgonjwa mwenye maradhi mazito, pamoja na jamaa zake, wataalamu wa Tanzania huiita huduma shufaa. Sikio la Mzanzibari linalijua neno hilo katika dua, tunapoomba shufaa ya Mtume, yaani kusimamiwa na kuombewa siku ambayo mtu hana uwezo wa kujitetea. Sijui kama waliolichagua waliwaza hivyo, lakini kwa mgonjwa wa ICU sijaona jina linalofaa zaidi. Mtu amelazwa chali, mpira umepita kooni, mikono imefungwa kidogo kitandani asije akauvuta, dawa ya usingizi inadondoka. Hawezi kusema kiu, hawezi kusema mgongo unawaka moto, hawezi kuomba ageuzwe upande wa kibla. Anahitaji mtu wa kumsemea.

Huduma hiyo ya kisasa ilianzia London mwaka 1967, pale Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari, alipofungua St Christopher's, hospisi, yaani nyumba ya kuwauguza walio karibu na mwisho wa maisha. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayako mwilini tu. Yapo ya moyo, yapo ya roho, yapo ya yule anayewaza nani atawalea wanawe. Afrika Mashariki mlango uliofunguka kwanza kwa upana ni wa Uganda, alipofika Anne Merriman mwaka 1993 na kuanzisha hospisi iliyotumia mofini ya maji, dawa ya maumivu ya bei ndogo ambayo mgonjwa hunywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu hata wauguzi waliosomea fani hiyo kuiandika. Kwetu Tanzania kazi kubwa ilibebwa na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo imewahi pia kujaribu mfumo wa simu wa kuwafuatilia wagonjwa wa saratani baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa sababu hiyo watu wengi wamelibandika jina la shufaa kwenye saratani peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 56.8 huhitaji huduma hii kila mwaka, na ni asilimia 14 hivi tu wanaoipata. Katika hesabu hiyo wamo wenye moyo ulioshindwa kazi, figo zilizochoka, mapafu yaliyoharibika na kiharusi. Kwa maneno mengine, wamo wazee wetu wa presha na sukari, wale ambao ndio hasa wanaokwenda kulazwa ICU.

Sasa vyombo vyenyewe. Kuna aina mbili, na kuzichanganya ndiko kulikozaa hofu zote. Aina ya kwanza hutabiri. Inachukua umri, vipimo vya damu, kasi ya kupumua, na kutoa namba. Jaribio maarufu kuliko yote la aina hiyo lilifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1995 kwa jina la SUPPORT. Lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 9,000 katika hospitali 5 za kufundishia. Katika awamu ya kwanza watafiti walitazama tu, na wakakuta kwamba nusu ya wagonjwa waliofariki wakiwa na fahamu, kwa ushahidi wa jamaa zao, walikuwa na maumivu ya wastani au makali kwa angalau nusu ya muda wao wa mwisho. Katika awamu ya pili kompyuta ilipiga hesabu ya uwezekano wa kila mgonjwa kuishi, madaktari wakapewa hesabu hiyo, na wauguzi maalumu wakawekwa kuzungumza na familia. Maumivu hayakupungua. Siku za kukaa ICU kabla ya kifo hazikupungua. Nikiisoma taarifa ile naona tatizo moja: namba ilifika kwa daktari, mazungumzo yakafanyika pembeni, lakini hakukuwa na kitu kilichomlazimisha yeyote abadilishe alichokuwa akikifanya kitandani. Karibu miaka 25 baadaye, mwaka 2019, watafiti wengine wa Marekani waliwapa familia za wagonjwa waliokaa muda mrefu kwenye mashine ukurasa wa intaneti wenye maelezo na makadirio ya hali ya mgonjwa wao. Teknolojia ilikuwa nzuri zaidi. Hata hivyo uelewano kati ya familia na madaktari kuhusu mustakabali wa mgonjwa haukuwa bora kuliko kwa familia ambazo hazikupewa.

Aina ya pili huuliza. Baadaye kikundi cha Chuo Kikuu cha Duke, huko North Carolina, kilitoa matokeo ya programu iitwayo PCplanner iliyojaribiwa kwa wagonjwa 151 wa ICU wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Mfumo wa kumbukumbu unamchambua nani huenda anahitaji huduma shufaa, kisha jamaa anapewa maswali 13 ya kujibu kwa simu au kompyuta ndogo. Maswali yenyewe ni ya kibinadamu kabisa: mgonjwa anaumia kiasi gani, familia inaelewa kinachofanyika, gharama zinawaelemea, imani yao inaheshimiwa, wanamwamini daktari. Majibu yanakwenda kwa daktari wa ICU na kwa mtaalamu wa shufaa, na mtaalamu huyo anakuja kukaa na familia. Katika siku chache tu mahitaji yaliyokuwa hayajashughulikiwa yalipungua zaidi kwa waliotumia mfumo huo kuliko kwa wenzao. Kilichofanya kazi hapo sicho kioo cha simu. Familia iliulizwa, jibu likaandikwa mahali ambapo daktari analazimika kuliona, na kukawa na mtu mwenye jina ambaye wajibu wake ni kulijibu. Ukiondoa kimoja katika hivyo vitatu umerudi 1995.

Hapa kwetu mtu atasema, hiyo ni Marekani, sisi bado. Kauli hiyo inasahau kwamba chombo cha kidijitali kimeshaingia ICU zetu bila mradi wala mfadhili. Ni simu ya mwenye kuuguza. Bi mkubwa akilazwa saa nne, saa tano kundi la ukoo limeshafunguliwa. Humo yumo mtoto wa Wete, wa Mwanakwerekwe, wa Dar es Salaam, wa Muscat na wa London. Aliyesimama mlangoni, mara nyingi binti aliyemuogesha na kumlisha mama miaka yote, anatuma sauti akilia. Aliye Muscat, ambaye ndiye anayetuma pesa, anajibu: fanyeni kila kitu. Neno hilo ndilo linalomfikia daktari, kwa sababu ndilo lenye uzito wa fedha na wa kaka mkubwa. Mara nyengine inatumwa hata picha ya mzee kitandani, mdomo wazi, mpira umebandikwa kwa plasta shavuni, na picha hiyo inazunguka simu hamsini kabla ya adhuhuri. Mzee aliyeishi maisha yake yote hajavuliwa kofia mbele ya wakwe anaonwa na watu hata hawajui. Kwa hiyo hatuna tena nafasi ya kuchagua kama teknolojia iingie au isiingie. Imeingia ovyo, na kazi iliyobaki ni kuipa adabu.

Nilikaa mlangoni pa chumba cha namna hiyo, katika hospitali moja, wakati mama yetu mkubwa alipopata kiharusi. Alikaa siku 9. Siku zote hizo tuliulizwa kuhusu damu, kuhusu dawa za kununua, kuhusu nani atasaini. Usiku wa siku ya tisa muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alitoka akamkuta dada yetu ameikumbatia chupa ya uji ambao hapakuwa na wa kuunywa. Akamuuliza, “Mwanangu, mama alikuwa akipenda nini?” Dada akasema halali bila kusikia Yasini. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: mwaka uliopita mama, akigeuza karafuu kwenye mkeka uani, alimwambia, “Nikishindwa, msinihangaishe na boti. Nataka kitanda changu.” Muuguzi aliichukua simu, akaifuta kwa spiriti, akaitia ndani ya glovu safi na kuilaza kwenye mto karibu na sikio. Kaka yetu alisoma kutoka Muscat, sauti ikikatika kwa mtandao na kurudi. Kwenye skrini mapigo ya moyo yalitoka 124 yakashuka hadi 98. Sidai kuwa ile ilikuwa tiba. Ninachodai ni kwamba swali lile lilichukua dakika moja na lilichelewa siku 9. Aliondoka alfajiri, upande wa pili wa bahari na kitanda chake.

Tuzipime hoja za wanaopinga, maana baadhi yao wana haki. Hoja ya kwanza ni ya dini: ajali ya mtu, yaani siku yake ya kufa, iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani, vipi mashine iingie katika siri hiyo? Naiheshimu, na kwa chombo kinachotabiri ninaikubali zaidi ya wanavyodhani, kwa kuwa namba inayotolewa kwa familia kama hukumu ni kauli kubwa kuliko elimu iliyoizaa. Lakini chombo kinachouliza hakigusi ajali. Kumuuliza mgonjwa anaumia wapi, au anataka nani awe karibu yake, hakumpunguzii mtu siku wala hakumuongezei. Ni katika haki za mgonjwa tunazofundishwa tangu chuoni. Na wanachuoni hawakulikwepa suala la mashine. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia, katika fatwa namba 12086 ya mwaka 1409 Hijria, iliruhusu mgonjwa asifufuliwe moyo ukisimama iwapo madaktari watatu mahiri na waaminifu wamekubaliana kuwa kumfufua hakutamfaa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba fatwa ile haikuwabebesha jamaa uamuzi huo wa kitabibu, kwa kuwa si fani yao. Hilo linamtua mzigo mkubwa binti aliyesimama mlangoni. Hatakiwi kuulizwa tuzime au tusizime. Anatakiwa kuulizwa mambo anayoyajua kuliko daktari yeyote: mama ni mtu gani, anaogopa nini, alisema nini alipokuwa mzima. Ingefaa sana Ofisi ya Mufti wa Zanzibar ikae na madaktari wetu na kuliweka wazi jambo hili kwa waumini, kwa Kiswahili chepesi, ili wauguzi wasibaki wanajadiliana na kila familia upya saa nane za usiku.

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote: hatuna wauguzi wa kutosha, hatuna wataalamu wa shufaa wa kutosha, mtandao unakatika, halafu mnatuletea programu? Mwenye kusema hivi amewahi kufanya kazi wodini. Nakubaliana naye kwamba programu bila mtu ni mzigo mpya juu ya muuguzi aliyeelemewa, na ushahidi wa Duke uko upande wake, kwani kule nyuma ya simu kulikuwa na wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Lakini hoja hii inathibitisha kwamba tuanze kidogo, haithibitishi kwamba tusianze. Mofini na muuguzi mmoja aliyesomea vizuri ni bora kuliko kompyuta 20. Maswali yanaweza kuanza kwenye karatasi iliyobandikwa kichwani mwa kitanda. Tena karatasi hiyo isitupwe hata mfumo ukija; aliyeishi Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokaa miezi mitatu bila umeme, hahitaji kuelezwa kwa nini. Upo hata mfano wa vipimo vizuri visivyohitaji umeme. Kipo kipimo cha maumivu kwa mgonjwa asiyeweza kusema, kilichotengenezwa Kanada na kuchapishwa mwaka 2006, ambacho muuguzi hutazama uso, mwili unavyojitikisa, ugumu wa misuli na jinsi mgonjwa anavyopatana na mashine ya kupumulia, kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 8. Kinataka macho na dakika moja. Kompyuta inachoongeza ni kumkumbusha anayesahau na kumuonyesha daktari wa asubuhi kwamba usiku mzima alama zilikuwa 6.

Wapo pia wasemao kwamba kuzungumza na mzee au jamaa zake kuhusu mwisho ni kumkatisha tamaa. Hili linatoka kwenye upendo, na kila mmoja wetu amewahi kulifanya: kumwambia mgonjwa utapona, huku tukilia jikoni. Lakini wazee wetu wenyewe ndio wanaolizungumza bila woga. Wanataja sanda waliyoiweka kabatini, wanausia nani awaoshe, wanasema nani adaiwe na nani alipwe. Mtu aliyekwisha kuusia sanda yake hawezi kuvunjika moyo kwa kuulizwa wapi anataka kuuguzwa. Sisi watoto ndio tunaokimbia.

Dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba shufaa ni jina la heshima la kumtelekeza mzee, njia ya hospitali kuokoa fedha na kitanda. Inarudiwa sana na ndiyo inayowafanya watu waukimbie msaada. Kwanza, shufaa haitolewi badala ya tiba. Hutolewa pamoja nayo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, wagonjwa wa saratani ya mapafu waliopewa huduma hii mapema pamoja na matibabu yao waliishi kwa wastani wa miezi 11.6, na waliopewa matibabu ya kawaida peke yake waliishi 8.9. Ilikuwa saratani, si ICU, na sitaki kuunyoosha ushahidi zaidi ya urefu wake, lakini haufanani na habari ya watu waliotelekezwa. Pili, mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 24,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika hospitali 11 za Marekani. Mfumo wa kompyuta uliwekwa ili mgonjwa mwenye maradhi mazito aandikiwe moja kwa moja kuonwa na wataalamu wa shufaa, isipokuwa daktari akatae. Walioonwa walipanda kutoka asilimia 17 hivi hadi asilimia 44 hivi. Muda wa kulazwa haukufupika. Anayedhani hospitali inaanzisha shufaa ili kuwafukuza wazee kitandani, hapo hana ushahidi.

Hata hivyo nisimalize hoja hiyo kirahisi, kwa sababu ndani yake kuna punje ya kweli inayohusu utabiri, na inatuhusu sisi hasa. Zanzibar sasa ina Mfuko wa Huduma za Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Siku namba ya kompyuta inayosema mzee huyu hana uwezekano mkubwa itakapomfikia mlipaji kabla haijamfikia daktari, hofu ya mabarazani itakuwa na msingi. Namba hizo, tena, zimejengwa kwa miili na maisha ya watu wa mbali, wenye maradhi yanayogunduliwa mapema na dawa zisizokatika. Kwa hiyo liwekwe katazo la wazi kabla mfumo haujanunuliwa: hakuna makadirio ya kufa au kupona yatakayotumika kuamua malipo, na majibu ya familia yasomwe na wale tu wanaomhudumia mgonjwa. Sheria hiyo ikisubiri baada ya kununua, haitaandikwa.

Na ipo mofini. Naiacha ijitegemee kwa kuwa bila hiyo yote niliyoyasema yanakuwa daftari la mateso. Kamisheni ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti yake mwaka 2017 ilikuta kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Dawa yenyewe si ghali. Kinachoizuia ni sheria zilizoandikwa kwa ajili ya wauza unga, hofu ya madaktari, na utaratibu wa kuagiza. Visiwani kwetu hofu hiyo naielewa, kwa kuwa hakuna mtaa ambao haujaonja balaa la unga. Lakini kijana wa mtaani na bibi wa miaka 78 mwenye maji mapafuni hawafanani, na Uganda imeonyesha kwa zaidi ya miaka 30 kuwa dawa hiyo inaweza kufika vijijini kwa utaratibu. Programu ikimuuliza mgonjwa maumivu yake kila saa nne na ikaandika makali, makali, makali, wakati stoo haina kitu, imemuongezea muuguzi huzuni na mgonjwa haikumpa chochote.

Tunavyo vitu viwili ambavyo nchi nyingi zenye kompyuta bora kuliko zetu hazina. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, kiwango kilichoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kikapandishwa. Maana yake orodha ya wazee ipo, shehia kwa shehia, na inahakikiwa. Cha pili ni Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 wanaozunguka nyumba hadi nyumba wakiwa na simu zenye maswali na maelekezo, mpango uliokua kutokana na kazi ya kumfikisha mama mjamzito salama hospitali. Mpango huo ulijengwa kwa mwanzo wa maisha, kwa mimba na watoto wachanga. Yule mhudumu anayeingia uani kumpima mtoto anampita bibi aliyekaa kwenye kibaraza, akamsalimia, akaendelea, kwa sababu simu yake haina ukurasa wa bibi.

Ukurasa huo hauhitaji akili mnemba. Afrika ina kipimo chake, kilichoandaliwa na Jumuiya ya Huduma Shufaa ya Afrika, chenye maswali 10 tu, 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemuuguza, na asiyejua kusoma anaweza kujibu kwa vidole vya mkono, kutoka ngumi iliyofungwa hadi vidole vitano. Ongeza maswali machache yetu. Ukizidiwa, nani akusemee? Kuna jambo usilolitaka? Boti, au hapa? Jibu liingie katika kumbukumbu ile ile itakayofunguliwa hospitali, liweze kubadilishwa kila mzee anapobadilisha mawazo, na likifika ICU liwe la kwanza kusomwa, kabla ya sauti kutoka Muscat. Itabidi wahudumu wafundishwe kuuliza bila kumtisha mtu, na kusikiliza, na kunyamaza pale inapobidi, na mafunzo hayo yatagharimu kuliko programu yenyewe. Itabidi pia, kwa mzee aliyesema anataka kitanda chake, kuwe na muuguzi wa kumfikia Konde au Makangale akiwa na dawa ndani ya mkoba, maana kumuuliza mtu halafu kumuacha ni udhalimu. Mama yetu mkubwa alikuwa na jibu lake mwaka mzima kabla ya kiharusi, na alilisema kwa sauti, pale pale uani, akigeuza karafuu.